Zamu ya Paa Letu

Desemba 8

Tumepata! Zamu ya paa ni yetu! Theluji ikishayeyuka, bonde zima litapanda juu ya nyumba yangu, liivue nyasi kuukuu na kuivika mpya, kwa siku moja, asubuhi mpaka jioni. Baba Motoharu karudi mkutanoni sasa hivi. Theluji ingali mabegani, viatu hajavua, kasimama mlangoni na kusema, "Ni sisi." Basi. Mume wangu hutoa maneno kama mtu anayeng'olewa meno, lakini haya mawili nimeyasubiri tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi.

Haya, sasa ndiyo tusalimiane. Jina langu Kinue. Sikusoma sana, lakini mwandiko wangu mwalimu aliusifu mbele ya darasa, na jambo kama hili nisipoliandika mimi litakuja kusimuliwa na Yasue, na Yasue akisimulia kitu hukitoa chumvi yote mpaka kinakuwa uji wa mgonjwa.

Yasue ni jirani yangu wa nyumba ya chini, karibu na kijito. Mjane, mkubwa kwangu kwa umri, mdogo kwangu kwa sauti. Paa lake na letu yaliezekwa enzi za wakwe zetu, yakazeeka pamoja kama mapacha. Na nyasi zinazovunwa bondeni kwa mwaka zinatosha nyumba moja tu. Kwa hiyo ilikuwa yeye au mimi. Imekuwa mimi.

Wala si paa tu. Mwezi wa nane, walipokuja kwa sikukuu ya kuwapokea wahenga, mwanangu Motoharu alisema mbele ya madhabahu, baba yake akisikia, "Mama, paa likiwa jipya tunarudi nyumbani. Mimi, Chigusa na mtoto." Mwanamume hasemi uongo mbele ya picha ya babu yake. Kwa hiyo paa likija, mwanangu anakuja. Hesabu hiyo hata mimi naiweza.

Desemba 9

Nimempigia simu Motoharu. Yuko Nagoya, anaendesha kreni, zile ndefu za kujengea maghorofa. Mtoto niliyemzaa mimi, kazini kwake huona migongo ya kunguru. Kasema watakuja mwaka mpya, wote watatu, wakae mapumziko yote. Wakati wa baridi! Mkwe wangu kazaliwa pwani kwenye michungwa, na barabara yetu ya majira haya huiogopa kama nyoka. Safari hii kakubali mwenyewe.

Nimewaambia watu wote bondeni. Wengine mara mbili.

Desemba 13

Theluji.

Desemba 14

Theluji. Baba Motoharu kaweka mbao za kukinga madirisha.

Desemba 18

Yasue kaja kunywa chai. Kakaa pale mekoni, kanyoosha mikono kwenye moto, kaulizia mgongo wangu, kaulizia goti la mume wangu, kaulizia kabichi nilizozifukia kwenye theluji. Paa hakuliulizia. Nikaona nimsaidie. Nikamwambia fundi mkuu, Mzee Gonshiro, kasema upande wetu wa kaskazini umeoza kiasi kwamba ndege wanaona ninachopika.

"Vizuri," akasema Yasue, "watajua kwa nini mumeo amekonda."

Nilicheka, siwezi kukataa. Lakini alipoondoka nilimtazama akishuka njia, mgongo umepinda, akishika kamba ya uzio, nikafikiri: wivu huo.

Desemba 27

Nimepika tangu alfajiri. Maharagwe meusi, figili, samaki wa mtoni wamesimama na vijiti vyao kuzunguka moto. Tofu, ule mgando wa soya, nimenunua ile ya huku, ngumu, unaifunga kamba unaibeba kama mkoba. Ile ya mjini ukiitazama kwa jicho kali inavunjika.

Desemba 29

Wamefika! Gari lilipita handakini likatokea kwetu saa ya mchana kweupe, na theluji ilikuwa imekatika kwa muda, kama vile mlima umetaka kujionyesha kwa wageni. Chigusa alishuka, akafunga mlango, akasimama. Hakusema hata salamu. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anatazama.

Nami nikageuka nitazame anachotazama. Miaka yote nipo humu, nimezaliwa juu kidogo tu ya mto, theluji kwangu ni kitu cha kusukuma na beleshi. Lakini leo niliona. Nyumba zetu zimesimama na mapaa yao marefu kama mikono iliyounganishwa kuomba. Juu ya kila paa theluji nene kuliko kimo cha mtu, haina hata alama ya unyayo. Moshi unatoka kwenye nyasi, siyo kwenye dohani, unatoka kila mahali polepole, kama nyumba inapumua. Na kimya. Kimya mpaka unasikia damu yako masikioni. Mjukuu wangu Kozue, ambaye ana miaka saba na hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni, alimshika mama yake mkono akanong'ona, "Tuko wapi?"

"Kwenu," nikamwambia.

Chigusa ndipo akakumbuka kunisalimia, akainama mara nyingi sana, macho yamemlowa. Akaniomba radhi. Nikamwambia upepo huo, mwanangu, ingia ndani. Si kwamba najisifu, lakini sidhani kuna mama mkwe bondeni ambaye mkwe wake amelia kwa uzuri wa nyumba yake. Kesho nitalitaja hilo dukani.

Januari 1

Mwaka mpya. Tulikula supu ya mochi, yale madonge ya kunata, mchele wenyewe Motoharu aliutwanga jana kwa nyundo ya mti, jasho linamtoka, na baba yake anageuza donge kwa mkono kati ya pigo na pigo bila kusema neno. Wanaume hawa wawili hawajui kuongea, lakini mkono haukupondwa hata kidole.

Baada ya kwenda kuomba hekaluni, Motoharu alipanda darini na Kozue kumwonyesha. Huko juu ndiko wazee walikofuga viwavi vya hariri. Sasa yako matita ya nyasi tu, na giza, na harufu ya moshi wa watu waliokufa zamani. Nami nikapanda nyuma yao. Upande wa kaskazini mwanga unapenya nyasi katika vitundu vingi, vidogo, kama anga la usiku. Kozue akauliza kama ni nyota. Motoharu akaweka kiganja juu ya kombamoyo, akakiacha hapo muda mrefu, akamwambia hapana, ni umri.

Wakati wa chakula alirudia ahadi yake, mbele ya wote. Mwezi wa nne paa, kisha yeye atatoa taarifa kazini. Chigusa alikuwa anachuna mifupa ya samaki wa mtoto. Hakuinua uso. Lakini hakukataa.

Januari 3

Walikuwa waondoke leo. Poromoko la theluji limeziba barabara mbele ya handaki. Greda halipiti.

Januari 4

Theluji.

Januari 5

Theluji. Haianguki tena, inamiminwa. Motoharu na baba yake wamepanda paani mara mbili kuipunguza. Mara ya pili Chigusa alifunga kamba kiunoni akapanda nao. Nilipiga kelele kutoka chini kwamba bibi wa pwani ashuke. Hakushuka. Walipomaliza mikono yake ilikuwa imechubuka yote, akainyoosha kwangu nimpake mafuta, kama mtoto.

Nimemtuma Motoharu akasukume theluji ya Yasue pia. Akarudi akasema kasukuma iliyofikika. Upande wa kaskazini hakuweza, mbao za ndani zinalia.

Januari 6

Paa la Yasue limeanguka.

Ilikuwa asubuhi, tunakula. Kwanza nilisikia kama mtu anararua kitambaa kirefu, kirefu mno, halafu mshindo uliotikisa bakuli mkononi. Baba Motoharu alikwisha kutoka mlangoni kabla sijaelewa. Goti lake hilo hilo la kulalamikia. Tulikimbia, kama unaweza kuita kukimbia, theluji imefika kiunoni. Kutoka kila nyumba watu wanatoka na mabeleshi, hakuna aliyeitwa, hakuna aliyepiga kengele.

Upande wote wa kaskazini ulikuwa umeporomoka na theluji yake, nyasi na makombamoyo na kila kitu, mpaka ndani. Nililiita jina lake. Mimi ambaye siku zote nasema sauti yangu inavuka mto, sauti haikutoka. Motoharu alichimba kama mbwa. Chigusa nyuma yake anavuta matita, wanaume wanapokezana, na mimi nasimama pale na beleshi mkononi nikiahidi miungu ya mlima vitu nisivyokuwa navyo.

Wakatoboa. Motoharu akaingiza kichwa, kisha kifua, kisha akasimama humo ndani bila kutikisika. Nikajua basi, Yasue amekufa. Nikapanda juu ya fungu la theluji nikachungulia.

Yasue alikuwa amekaa mekoni. Masizi ya miaka yote ya paa lile yamemmwagikia, mweusi kutoka utosini mpaka miguuni, ni macho tu. Juu yake hakuna paa, ni mbingu. Theluji inashuka ndani ya nyumba, taratibu, matone makubwa meupe, na moto wa mekoni ungali unawaka, na kila tone linapofika juu ya moto linapotea. Linapotea bila sauti. Na birika linatoa mvuke. Sijawahi kuona kitu kama kile, wala sitaki kuona tena, na wala sitasahau. Mzee Gonshiro alivua kofia.

Yasue akatutazama huko juu, vichwa vimejipanga kwenye tundu. Akasema, "Karibuni chai. Mlango leo haufunguki, piteni hapo hapo."

Motoharu akambeba mgongoni, akamtoa. Desturi ni kwamba nyumba ya juu inampokea mtu wa nyumba ya chini. Nyumba ya juu ni sisi. Nimemwosha mwenyewe. Maji matatu yalitoka meusi, na mwili wenyewe mdogo kama wa kuku wa kienyeji. Nilipomsugua mgongo aliniambia nisiache hata alama, maana nimezoea kufanya kazi nusu.

Januari 7

Theluji. Yasue kalala.

Januari 9

Barabara imefunguliwa na wanangu wameondoka. Kozue aliniachia pete ya plastiki. Motoharu alizunguka nyumba mara moja akitazama juu, akaniambia mwezi wa nne si mbali, tuvumilie. Chigusa alikuwa ndani anamuaga Yasue. Walikaa wamepigiana magoti muda mrefu, sikusikia waliloongea, na niliweka sikio.

Januari 15

Yasue yupo, anakula kidogo, anakunja nguo zangu upya baada ya mimi kuzikunja.

Kaja Mzee Gonshiro. Kanywa chai, kasifu kachumbari yangu ya tanipu za kuchachusha, kasema baridi ya mwaka huu ina adabu mbaya. Kaondoka.

Januari 19

Kaja yule wa dukani na mkewe. Wamekunywa chai. Wamesifu kachumbari. Wamesema baridi ni kali. Wameondoka.

Januari 22

Kaja karani wa hekalu. Chai. Kachumbari. Baridi.

Sasa naandika kwa hasira. Hata aliye na darasa moja anaelewa. Kwetu zamu ya paa haiombwi. Mtu haombi, mkutano hauombi, wala fundi mkuu haombi, ni aibu kubwa kuliko kuiba. Mwenye zamu akitaka kuitoa, anachukua chupa ya sake, pombe yetu ya mchele, anaipeleka kwa fundi, anammiminia, na hakuna neno linalosemwa. Kwa hiyo hawaombi. Wanakuja kunywa chai. Watu wasiosema wana kelele kuliko wanaosema! Nimemaliza kachumbari ya mwaka mzima kwa watu ambao hawajaniomba kitu.

Na mimi sitoi. Niandike wazi. Paa la Yasue limeanguka, nasikitika. Langu halijaanguka, ila linaanguka. Nikitoa zamu, nyasi za mwaka huu zimekwenda, tunasubiri nyingine. Na mwanangu alisema paa jipya. Hakusema paa la jirani. Nimemzaa mmoja tu aliyebaki hai, na nimemwona akikua kwa barua na kwa simu. Mwenye kunilaumu aje achukue nafasi yangu.

Baba Motoharu hasemi. Yasue hasemi. Nyumba hii ina mabubu wawili na mimi.

Januari 30

Theluji. Upande wa kaskazini unavuja. Nimeweka beseni.

Februari 4

Theluji. Mabeseni mawili.

Usiku wa jana tulitupa maharagwe kufukuza mashetani, kama kila mwaka. Yasue aliyatupa kwa nguvu hasa. Nikamwambia mashetani wametoka zamani, hilo lililobaki ni Baba Motoharu. Alicheka mpaka akakohoa. Ni mara ya kwanza acheke tangu ile siku, na nilifurahi kuliko nilivyotaka kufurahi.

Februari 11

Leo theluji ilikatika na jua likatoka. Nilikuwa nyuma ya nyumba nachimbua kabichi, nikasikia kitu kinakwaruza. Nikachungulia. Yasue alikuwa anapanda kutoka kwake, kamba ya kibao cha kuburuzia mabegani kama ng'ombe wa jembe, na juu ya kibao matita ya nyasi. Nyasi zake. Zile za darini upande wa kusini, ambazo hazikuguswa, alizozivuna yeye na marehemu, kavu, ndefu, rangi ya asali. Alifika mlangoni kwangu, akashusha, akageuka kushuka tena. Kumbe haikuwa mara ya kwanza. Tayari palikuwa na fungu kubwa.

Damu ilinipanda. Nikasema, huyu sasa ameanza. Anaweka nyasi zake kwangu ili watu wapite waone, wahesabu, waseme zikichanganywa na za bonde zitatosha kuezeka kwake. Hajaomba kwa mdomo, anaomba kwa matita. Nilitoka na kabichi mkononi.

"Dada Yasue, hiki nini?"

Hakusimama. "Nyasi. Kwani macho yako nayo yanavuja?"

"Naona ni nyasi. Zinafanya nini kwangu?"

Ndipo akaweka kamba chini, akajifuta pua kwa kitambaa.

"Mwanangu wa Takaoka kanipigia," akasema. "Ana chumba. Nitashuka theluji ikiisha. Wewe nyasi za bonde hazitakutosha, upande wako wa kaskazini umeoza mpaka pembeni, Gonshiro hakukwambia ili usije ukamchosha. Ongezea hizi. Na uwaambie wazipange kwa mashina yao vizuri, mume wangu alizifunga kwa mkono."

Kwetu mtu akipeleka nyasi zake chini ya paa la mwingine, maana yake hana tena nyumba ya kuezeka. Hakuna mtu anayefanya hivyo halafu akarudi. Nilisimama na kabichi langu. Jua lilikuwa linapiga kwenye theluji mpaka dunia nzima haitazamiki, na yeye yupo katikati, mdogo, mwenye masizi bado kwenye mikunjo ya shingo ambayo nilisema nimeisugua, amekuja kunipa zamu niliyokuwa nayo. Wiki tano analala nyumbani kwangu nikimchunga kama mwizi. Na alichokuwa anapanga ni hiki.

Nikasema chai iko tayari. Haikuwa tayari. Ndiyo tu nilichopata kusema.

Februari 12

Asubuhi nilikwenda kabatini kutafuta chupa ya sake, ile nzuri. Haikuwepo mahali pake. Nikaikuta juu ya kizingiti cha juu cha mlango, imefutwa vumbi, shingo imefungwa kamba ya majani ya mpunga, fundo la zawadi lile la heshima. Kamba yenyewe ilikuwa imeshaanza kushika masizi.

Nikamuuliza Baba Motoharu alifunga lini.

"Siku ile," akasema.

Siku ile paa lilipoanguka! Alishajua siku ile ile. Tangu hapo anapita chini ya chupa hiyo kila akiingia na kutoka, ameinama kidogo, na hajaninunia, hajanisukuma, hajaniuliza. Nikamuuliza kwa nini hakuipeleka mwenyewe, si yeye ndiye mwenye nyumba?

Alitafuta neno muda mrefu. "Ni wewe uliyeisubiri," akasema.

Watu wanadhani nimeolewa na gogo. Waendelee kudhani hivyo, wasije wakanipokonya.

Tulikwenda wote wawili kwa Mzee Gonshiro. Nilimmiminia. Hakuuliza. Alikunywa yote, akageuza kikombe, akatuinamia mpaka paji la uso likagusa mkeka, mwanamume ambaye hata kwa mkuu wa mkoa hukuna tu shingo. Tulirudi tukipita katikati ya kijiji, na kila mlango ulikuwa na mtu, hakuna aliyesema kitu, wote waliinama. Mimi napenda kusifiwa, Mungu wa mlima anajua. Lakini leo sikuweza kuinua macho.

Yasue alikuwa mekoni. Habari zilikwisha kumfikia, sijui kwa njia gani.

"Nani alikuomba?" akaniuliza, kwa hasira hasa.

"Hakuna aliyeomba."

"Nina miaka mingapi, Kinue? Nitakulipa lini? Ukija mwaka wa paa lako mimi nitapanda na miguu ipi?"

"Utajua mwenyewe. Ila sasa huruhusiwi kufa, una deni la paa langu."

Alinitazama, akachukua koleo, akapanga makaa ambayo yalikuwa yamepangika. Mwishowe akasema huko Takaoka wanakula tofu laini, ya kuteleza, asingeweza.

Februari 13

Leo ilibidi nimpigie Motoharu. Nilizunguka simu kama paka. Nilimweleza yote, haraka haraka, nikamaliza kwa kusema kwamba ahadi yake nimeivunja mimi, si yeye, na asijisikie vibaya. Zamu yetu ni mwaka unaofuata, mungu akipenda na nyasi zikiota. Na kwamba abaki na kazi yake nzuri.

Nikasikia upepo wa huko juu alipo.

"Mama," akasema, "nitakuja siku hiyo. Nitapanda paa la Bi Yasue." Halafu akasema anarudi kazini.

Sikula. Baba Motoharu alikula fungu langu, kwa heshima.

Jioni simu ikalia. Chigusa.

Akaanza na salamu ndefu, kama kawaida yake, mgongo wa Mama, goti la Baba, Bi Yasue. Kisha akauliza mabeseni yamekuwa mangapi. Nikashangaa kajuaje. Nikamwambia matatu. Akauliza nani atapanda kusukuma theluji majira yajayo ya baridi, juu ya paa lile, na Baba ana goti. Nikasema tutajua, wazee tuna njia zetu.

"Mama," akasema, "paa jipya lingeweza kutusubiri. Hili bovu haliwezi."

Nikamuuliza anasema nini. Akasema ile asubuhi alipochungulia ndani ya nyumba ya Bi Yasue, moto unawaka chini ya theluji, alijua pale pale kwamba amekwisha hamia, ila hakujua namna ya kumwambia mtu. Wakati wa kuaga alimwambia Yasue peke yake. Motoharu atatoa taarifa kazini. Watahamia kabla theluji ya kwanza. Kozue anataka kujua shule yetu ina watoto wangapi.

Nilimwambia walimu ni wengi kuliko watoto, wakimwona watampigia ngoma. Halafu nilimpa Baba Motoharu simu maana sikuona tena vitufe. Alishika simu, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali, akatikisa tena. Mtu wa upande wa pili haoni kichwa, Baba! Lakini Chigusa nadhani aliona.

Na Yasue alijua tangu Januari! Anakunja nguo zangu na amekalia siri hiyo. Nilipomkabili alisema mgeni mwema hapeleki maneno.

Februari 20

Theluji.

Machi 9

Maji yanaanza kudondoka kwenye ukingo wa paa. Mabeseni manne. Sijali.

Machi 24

Kijito kimeanza kusikika chini ya barafu. Motoharu kaandika kwamba wanafika usiku wa kuamkia siku ya paa, na Chigusa amenunua viatu vya kupandia paani, amevitembelea ndani ya nyumba mpaka majirani wa chini wamelalamika. Baba Motoharu amekwisha kusokota kamba za kufungia, lundo mpaka dirishani. Tumerudisha matita yote ya Yasue chini kwake, kwa mashina yao vizuri, yeye kasimama pembeni akituambia tunayapanga kama walevi.

Mzee Gonshiro katangaza siku yenyewe leo. Nami nimeombwa niwapigie simu wote walioondoka bondeni, kwa sababu kama nisemavyo siku zote, hakuna mwenye sauti kama yangu. Ni Jumapili, tarehe ishirini na nane Aprili, jua likichomoza. Kila mwenye mikono aje. Chakula ni mimi. Wasije kwangu, washuke moja kwa moja mpaka nyumba ya chini, karibu na kijito, kwa Yasue.